Mkitupa asilimia, tupeni na masharti yake

Kwa Mhariri,

Gazeti likiandika kuhusu dawa au chanjo mpya, kichwa cha habari hubeba nambari moja: asilimia 75, asilimia 97, asilimia mia. Msomaji wa Ahero au Kombewa hukunja gazeti akiwa na nambari hiyo peke yake. Hajaambiwa dozi ni ngapi, hupewa lini, ilijaribiwa kwa nani, wala ni hatua gani ikirukwa kinga hupotea. Naomba asilimia ikichapishwa, ichapishwe pamoja na masharti yake. Kwetu sisi tunaotoa dawa, sharti ni sehemu ya dawa.

Watu wa magharibi ya Kenya wana haki ya kulidai hilo, kwa kuwa mengi ya matokeo haya yalipatikana kwao. Vyandarua vyenye dawa ya mbu vilijaribiwa Asembo na Gem, Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1990. Tohara ya wanaume kama njia ya kupunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi ilijaribiwa Kisumu kwa vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, na matokeo yaliyochapishwa Februari 2007 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 53. Kombewa na Siaya zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria. Wazazi walitoa watoto wao, vijana wakatoa damu yao. Wanastahili kurudishiwa habari nzima.

Utafiti ule wa vyandarua una funzo linalofaa kurudiwa kila msimu wa mvua. Nyumba zisizo na chandarua, zilizo ndani ya mita 300 kutoka maboma yenye vyandarua, nazo zilipata kinga, kwa kuwa mbu wengi walikufa kabla ya kuzifikia. Kwa hiyo chandarua kinachoanikiwa omena ufuoni, au kuzungushiwa kitalu cha sukuma wiki, kimeondolewa kwa mwenyewe na kwa jirani pia.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa nchini mjini Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, ikaanza kutolewa katika sehemu za kaunti nane: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Ratiba iliyoanza nayo ni dozi nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Kati ya dozi ya tatu na ya nne kuna miezi 15, na hapo ndipo watoto hupotea. Mtoto ameshachanjwa surua, anatembea, mama amerudi sokoni au shambani, na kijitabu cha kliniki kimelala chini ya godoro.

Kwa nini dozi hiyo ya nne ina uzito? Katika jaribio kubwa la nchi saba za Afrika, watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 walifuatiliwa kwa takriban miaka minne. Waliopata dozi nne walikuwa na kinga ya asilimia 32 dhidi ya malaria kali, ile ya degedege na kuishiwa damu. Waliopata tatu tu, asilimia 1.1. Kitakwimu hiyo ni sawa na kukosa kinga kwa kipindi chote kile. Sababu yake inaeleweka: dozi tatu za mwanzo humkinga mtoto vizuri kwa miezi kadhaa, kisha kingamwili hupungua. Wakati huo wote amekutana na malaria mara chache, kwa hiyo mwili wake haujajijengea kinga kama ya wenzake. Malaria iliyozuiwa mapema humngoja mbele. Mzazi aliyeambiwa tu kwamba chanjo "inafanya kazi" hana njia ya kulijua hili, na muuguzi mwenye foleni ya akina mama 60 hana nafasi ya kulieleza. Gazeti linayo. Mtoto aliyepitisha tarehe yake apelekwe kliniki wiki hii hii, asiachwe nyumbani kwa kudhani kwamba muda umepita.

Kuna tatizo lingine dogo la chupa. RTS,S huja kwa chupa mbili, moja ya unga na nyingine ya maji, zinazochanganywa kupata dozi mbili za nusu mililita. Ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Akija mtoto mmoja tu siku hiyo, kishawishi ni kumwambia mama arudi mwenzake atakapopatikana, ili dozi ya pili isimwagwe. Chupa ifunguliwe. Dozi moja iliyomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto aliyeletwa na bodaboda ya mkopo asirudi tena.

Kuhusu chanjo ya pili ya malaria, R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, nambari iliyovuma ni 75. Asilimia hiyo ilitoka Burkina Faso na Mali, ambako malaria huja kwa msimu na watoto walichanjwa kabla ya mvua. Katika vituo vya Kenya, Tanzania na kimoja cha Burkina Faso, ambako chanjo ilitolewa kwa kufuata umri bila kungoja msimu, ilikuwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Kando ya ziwa mbu hawapumziki mwaka mzima, basi hiyo ya pili ndiyo ingefaa kutangulizwa kwetu. Ila msomaji asivunjike moyo kwa kuona nambari ndogo zaidi: mahali ambapo mtoto huugua mara tatu kwa mwaka, asilimia ndogo huokoa homa nyingi kuliko asilimia kubwa mahali ambapo malaria ni ya nadra. Hesabu hii haionekani kamwe kwenye kichwa cha habari.

Nitakaa zaidi kwenye kutokwa na damu baada ya kujifungua, kwa sababu hapo utafiti uliokoa watu bila kuleta dawa mpya hata moja. Jaribio la E-MOTIVE, lililochapishwa Mei 2023, lilifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, kwa zaidi ya wanawake 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, asilimia 4.3 ya akina mama walipoteza lita moja ya damu au zaidi, au walipasuliwa tumbo kwa ajili hiyo, au walikufa. Katika zilizobadilisha utaratibu, asilimia 1.6.

Badiliko la kwanza lilikuwa kupima. Desturi ya wodi ni kukadiria damu kwa macho, na jicho hudanganya, maana nyingine imenywewa na kanga na pamba, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi, nyingine iko sakafuni. Utafiti ulitumia shuka la plastiki lenye mfuko mfano wa faneli na alama za mililita, linalowekwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka. Likitandikwa mapema, maji ya uzazi na mkojo huingia mfukoni na kipimo huharibika. Katika saa ya kwanza, kila dakika 15, mkunga husoma kiasi cha damu na kushika kizazi kuona kama kimekaza, akiangalia pia mapigo na presha. Hospitali zenye shuka ziligundua asilimia 93 ya waliovuja damu. Zilizotegemea macho ziligundua asilimia 51, kumaanisha karibu nusu ya akina mama hao waliendelea kuvuja bila mtu kujua kwamba wamevuka mpaka.

La pili ni kufanya yote kwa pamoja. Utaratibu wa zamani ni wa ngazi: kandakanda tumbo, ngoja, ongeza oksitosini (dawa ya kukaza kizazi), ngoja, tafuta daktari, ngoja. Kila kungoja kuna bei yake ya damu. Katika utaratibu mpya, damu ikifika mililita 500, au 300 na mama ana dalili mbaya kama mapigo ya kasi au presha inayoshuka, hatua zote huanza mara moja na kumalizika ndani ya dakika 15. Kizazi kinakandwa, kibofu kinamwagwa mkojo kwa kuwa kikijaa hukizuia kizazi kukaza, oksitosini inatolewa, asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 inaingia kwenye mshipa, dripu inafunguliwa, na mkunga anachunguza kama kuna mchaniko au kipande cha kondo la nyuma kilichobaki. Kama damu haikatiki, rufaa inaanza hapo hapo.

Sasa mahali panapoharibika. Oksitosini hutunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Iliyolala kwenye trei ya wodi, au kwenye friji iliyozimika stima ikipotea usiku, haibadiliki rangi wala harufu, lakini nguvu yake hupungua, na mkunga hulaumu kizazi ilhali kosa ni la chupa. Ipo kabetosini, dawa ya jamii hiyo hiyo isiyoharibiwa na joto, mikrogramu 100 kwa sindano moja, ambayo jaribio la mwaka 2018 kwa karibu wanawake 30,000 liliionyesha kuwa haipitwi na oksitosini katika kuzuia damu. Hiyo kazi ya kuzuia ndiyo iliyothibitishwa katika jaribio lile, kwa hiyo kituo kilicho nayo bado kinahitaji oksitosini baridi kwa ajili ya matibabu.

Asidi ya traneksamiki nayo ina saa yake: ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa karibu asilimia 10. Kwa kituo cha afya cha Nyakach au Seme, sindano ichomwe kabla ya ambulensi kuondoka kuelekea hospitali ya Jaramogi. Mililita 10 huingizwa taratibu kwa dakika 10, maana ikisukumwa haraka hushusha presha ya mtu ambaye tayari presha yake imeshuka. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, gramu nyingine 1. Na kichupa chake hufanana na cha dawa ya ganzi ya uti wa mgongo. Kuna wagonjwa waliochomwa traneksamiki mgongoni kimakosa, na karibu nusu ya waliokumbwa na kosa hilo hufa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari. Kichupa kikae kwenye wodi ya kujifungulia na kisiwekwe kabati moja na ganzi katika chumba cha upasuaji. Onyo hilo ni la mstari mmoja tu gazetini.

Nije kwenye sindano ya lenakapaviri ya kuzuia virusi vya ukimwi, ambayo Kenya imo miongoni mwa nchi zilizochaguliwa kuipokea mapema. Nambari yake ni ya kuvutia kweli: katika jaribio la PURPOSE 1 nchini Afrika Kusini na Uganda, hakuna aliyeambukizwa kati ya wanawake 2,134 waliochomwa. "Sindano mbili kwa mwaka," watu wanasema, na hapo ndipo kosa linapoanza. Siku ya kwanza mtu huchomwa sindano mbili za mililita 1.5 chini ya ngozi ya tumbo au paja, na siku hiyo hiyo humeza vidonge viwili vya miligramu 300. Kesho yake humeza viwili vingine. Vidonge hivyo si nyongeza ya hiari. Dawa ya sindano hutoka polepole kutoka chini ya ngozi, na bila vidonge huchukua muda kufikia kiwango cha kukinga. Anayevisahau nyumbani anatembea akidhani amekingwa.

Baada ya hapo ni kila wiki 26, na nafasi ya wiki mbili kabla au baada. Zikipita wiki 28 mtu huanza upya, vidonge kwa sindano, akiwa amepimwa kwanza na kuonekana hana virusi. Sababu ni kwamba dawa hii hukaa mwilini kwa muda mrefu kwa kiwango kinachozidi kupungua, na kirusi kikiingia wakati huo hujifunza kuizoea. Anayetibiwa kifua kikuu aseme, kwa kuwa rifampisini huishusha dawa hii mwilini na dozi ya ziada huhitajika. Sindano ikichomwa juu juu ndani ya ngozi, badala ya chini yake, huweza kuleta kidonda. Ikichomwa sawasawa mara nyingi huacha uvimbe mdogo mgumu, ambao ni hifadhi ya dawa yenyewe, wala si jipu la kutumbuliwa. Haizuii kaswende wala mimba.

Jaribio lile lile lina habari nyingine iliyofunikwa na sifuri. Kati ya waliopewa kidonge cha kila siku cha kawaida, 16 kati ya 1,068 waliambukizwa, na vipimo vya damu vilionyesha wengi hawakuwa wakikimeza. Kwa hiyo kidonge hakikuthibitishwa kuwa kibovu. Anayekimeza kila siku asikiache kwa kungoja sindano.

Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali, imesambaa sana katika ukanda wa ziwa, na habari iliyopewa kurasa nzima ni ya kuhariri jeni. Casgevy, tiba ya namna hiyo, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo. Ni kazi kubwa ya kisayansi: wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa mwaka mzima bila maumivu makali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na kabla ya kurudishiwa seli zake zilizohaririwa mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uboho na kulazwa kwa wiki kadhaa. Nasikitika kwamba mzazi wa Muhoroni anaijua hiyo kuliko haidroksiurea, kidonge cha zamani. Jaribio la REACH, lililochapishwa 2019, liliwapa haidroksiurea watoto 606 katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo. Hofu ilikuwa kwamba dawa itaongeza malaria na maambukizi mengine. Kinyume chake, kwa kila watoto 100 kwa mwaka, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45, malaria kutoka 47 hadi 23, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1.

Masharti yake yako mikononi mwetu. Dozi ya kuanzia ni miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, ikiongezwa polepole kwa kufuata kipimo cha damu, kwa sababu ikizidi hushusha chembe nyeupe. Kapsuli ya kawaida ni miligramu 500. Mtoto wa kilo 12 anahitaji takriban 240, na kapsuli haikatiki. Njia mojawapo ni kumpa kapsuli moja siku moja na kuruka inayofuata, ili wastani uwe 250. Hili liamuliwe na daktari na kuandikwa kwenye kadi, lisiachiwe mzazi kukisia. Mama mjamzito asiifungue kapsuli kwa mikono mitupu. Na faida haionekani wiki ya kwanza. Wengi huacha mwezi wa pili wakisema haifanyi kazi, ilhali damu huchukua miezi kubadilika.

Kuhusu chanjo ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, Kisumu pamoja na Thika na Nairobi zilikuwa vituo vya jaribio la KEN SHE: wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, dozi moja, kinga ya asilimia 97.5 katika miezi 18. Matokeo hayo ya Kenya yalichangia Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja mwaka 2022. Sharti ni kwamba waliohesabiwa hawakuwa na virusi hivyo mwanzoni, kwa hiyo msichana achanjwe mapema, miaka 10 hadi 14. Mwenye VVU anahitaji angalau dozi mbili, na tatu ni bora. Aliyechanjwa bado atapimwa mlango wa kizazi akiwa mtu mzima.

Chanjo ya kifua kikuu ya M72/AS01E iko katika jaribio kubwa la mwisho lililoanza Machi 2024, na Kenya imo. Ile asilimia 50 mnayoisikia ilitoka jaribio la awali kwa watu wazima wasio na VVU waliokuwa tayari na vimelea bila kuugua. Mpaka jaribio hili limalizike, iandikwe kama jaribio.

Kwa hiyo, Mhariri, chini ya kila habari ya namna hii tengeni nafasi ya mistari minne au mitano: ilijaribiwa kwa nani na wangapi, ikilinganishwa na nini, dozi ngapi na ya mwisho lini, hutunzwaje, na nini hutokea hatua moja ikirukwa. Mwandishi akikosa jibu, amuulize mtafiti kabla ya kuchapisha. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iko Kisian, kando ya barabara ya Busia. Na habari ya chanjo ya malaria itakayofuata, tafadhali wekeni tarehe ya dozi ya nne katika aya ya kwanza.

Mfamasia,
Kondele, Kisumu